Nani anachukua vifaranga wako? Jinsi ya kumtambua mwewe, kipanga na ndege wadogo wa uani

Kila tunapogusa habari ya kuku wa kienyeji kwenye kipindi cha asubuhi, simu zinazoingia studio zina lawama moja: mwewe. Anapiga msikilizaji wa Mbagala, anapiga wa Bunju, anapiga wa Mkuranga, wote wanasema mwewe anawamalizia vifaranga. Ukiuliza huyo mwewe yukoje, mmoja anasema ni wa kahawia, mwingine anasema wa kijivu, wa tatu anakiri kwamba hakumwona kabisa. Aliwahesabu vifaranga jioni, akakuta wamepungua.

Siwacheki, maana na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nyumbani kwangu Chamazi, kuku wangu mmoja aliangua vifaranga 11. Wiki ya pili walibaki 7. Kijana wa jirani, fundi wa manati, akajitolea kulinda. Jumamosi moja akaja mbio, uso umejaa furaha: "Anti, mwizi wako huyu hapa!"

Nilimpokea yule ndege mkononi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea, hafikii hata njiwa wa kufuga kwa uzito. Mgongo wa kijivu, kifua cheupe chenye vimistari vyembamba vya rangi ya kutu, miguu ya njano, jicho jekundu. Na katika kucha zake alikuwa bado ameshikilia mjusi.

Tukamfukia nyuma ya nyumba. Kesho yake kifaranga mwingine akapotea.

Tangu siku hiyo nikaamua kutazama kwanza, kulaumu baadaye. Makala haya yanakupa njia rahisi ya kuwatambua ndege unaowaona uani, wakubwa kwa wadogo, ili usimpige asiyehusika huku mwizi anaendelea kula.

Anza na ukubwa, kisha umbo

Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Usiogope, uani kwako hawaji wote. Ukiwajua kumi au kumi na watano wa kawaida, mgeni akija utamgundua mara moja.

Kosa la kwanza tunalofanya ni kukimbilia rangi. Ndege akiwa juu na jua liko nyuma yake, rangi zote zinaonekana nyeusi. Kwa hiyo anza na ukubwa. Tumia ndege unaowajua kama rula: shorewanda anayeokota punje mlangoni, njiwa, kunguru, na kuku. Jiulize: huyu niliyemwona ni sawa na nani kati ya hao?

Pili, tazama mkia. Je, una panda kama mti wa manati, au umekatwa sawa? Ni mrefu au mfupi?

Tatu, tazama mabawa na mwendo. Anaelea juu kwa kuzunguka bila kupiga mabawa? Anapita chini chini kati ya miembe kwa kasi? Au amekaa kwenye tawi kimya, akitazama chini?

Nne, ikiwa una simu mkononi, piga picha hata kama ni mbaya. Picha ya kivuli inayoonyesha mkia vizuri ni bora kuliko maneno mengi. Ukishindwa kupiga picha, rekodi sauti yake.

Mwewe mwenyewe

Watu wengi humwita mwewe kila ndege anayekula nyama. Mwewe halisi wa Dar es Salaam ni yule wa kahawia ambaye akifungua mabawa, kutoka ncha hadi ncha anakaribia mita moja na nusu. Akiwa mkubwa kiumri, wengi wa hapa kwetu mdomo wao ni wa njano. Alama yake kuu ni mkia wa panda. Akielea utamwona anaukunja mkia huo kulia na kushoto, kama nahodha anavyoshika usukani.

Nenda soko la samaki la Feri, nenda kwenye machinjio au jalala lolote, utamkuta. Anakula mabaki, mizoga, panya, mijusi, kumbikumbi, na ndiyo, vifaranga pia. Bibi zetu walitusimulia kwamba kuku aliazima wembe wa mwewe akaupoteza, ndiyo maana hadi leo kuku anapekua ardhi akiutafuta na mwewe anachukua watoto wake kama fidia. Hadithi hiyo haikumsingizia mtu. Mwewe ni mwizi kweli.

Lakini wizi wake una namna yake. Huanza kwa kuzunguka juu, kisha hushuka ghafla, hukwapua kwa miguu, na mara nyingi hupaa tena papo hapo bila kutua. Akishapata, anaweza kula huku anaruka, akiinamisha kichwa kwenye kucha zake. Shika jambo hili moja: mwewe hubeba kwa miguu.

Kunguru, mwizi tuliyemzoea

Baada ya kumzika yule ndege wa jicho jekundu, nilikaa kibarazani na kikombe cha chai kwa asubuhi tatu mfululizo. Asubuhi ya kwanza sikuona kitu. Ya pili mwewe alipita juu, kuku akapiga kelele, vifaranga wakakimbilia chini ya mbaazi. Ya tatu wakaja kunguru wawili. Mmoja alitua mbele ya kuku, akawa anarukaruka karibu yake. Kuku akamvamia kwa hasira. Kunguru wa pili akatokea nyuma, akamdaka kifaranga kwa mdomo, akaenda naye hadi kwenye mnazi wa jirani.

Yote hayo hayakuchukua dakika moja. Na kwa kuwa kunguru tunamwona kila siku, hakuna aliyekuwa anamhesabu miongoni mwa washukiwa.

Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni India na nchi jirani za Asia. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Alikula taka, akazaliana, akavuka hadi bara, akafuata pwani yote. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na popote anapojaa, ndege wadogo hupungua. Serikali yetu imewahi kuendesha kampeni za kumpunguza kwa mitego na kwa sumu maalumu inayotumiwa na wataalamu. Kenya nayo mwaka 2024 ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja.

Usimchanganye na kunguru wetu wa asili, ambaye ni mkubwa zaidi na ana kifua na shingo nyeupe, kama aliyevaa fulana chini ya koti jeusi.

Namna ya kumjua kunguru kama mwizi: huja kwa kutembea au kurukaruka chini, mara nyingi wawili au zaidi, na hubeba kwa mdomo. Yai lililotoboka mchana pia linaweza kuwa kazi yake.

Vipanga: wadogo, wepesi, na wengi hawana hatia

Yule aliyeuawa na manati alikuwa kipanga mdogo. Ukubwa wake ni kama njiwa, mabawa yake ni mafupi na mviringo, mkia ni mrefu. Hakai juu angani akizunguka muda mrefu kama mwewe. Hukaa ndani ya mti, kisha huchomoka kwa kasi, hupiga mabawa mara chache, huteleza, hupiga tena. Chakula chake kikubwa ni mijusi, panzi na ndege wadogo. Kifaranga wa siku chache anaweza kumchukua akipata nafasi, sitakudanganya. Ila kuku mkubwa hamwezi, na kifaranga aliyekwisha kukua ni mzito kwake.

Yupo mwingine ambaye watu wa pembezoni mwa jiji wanamwona sana bila kumjua. Ni mnene kidogo kuliko kipanga mdogo, wa kijivu, hukaa wazi kwenye nguzo ya umeme au tawi kavu. Mtazame kooni: ana koo jeupe lenye mstari mmoja mweusi unaoshuka katikati, kama tai ya mwanafunzi. Akiruka unaona kiuno cheupe na pete nyeupe kwenye mkia mweusi. Sauti yake ni filimbi ndefu inayofuatwa na nyingine fupi fupi. Huyu kazi yake hasa ni mijusi, nyoka wadogo, panzi na panya.

Na kwenye maeneo ya wazi, kama mashamba ya kuelekea Kisarawe, unaweza kumwona ndege mweupe mwenye mgongo wa kijivu na mabega meusi, amesimama angani akipigapiga mabawa mahali pamoja kama amefungwa kwa kamba. Yule anatafuta panya. Mkulima wa mahindi anayempiga mawe anamfukuza mlinzi wake wa bure.

Kati ya Novemba na Desemba, mvua za vuli zinapotoa kumbikumbi, usishangae kuona kundi la ndege wadogo wenye mabawa yaliyochongoka yakikata anga. Hao ni kozi wadogo wanaosafiri kutoka mashariki ya mbali ya Asia, wanavuka Bahari ya Hindi na kupita kwetu wakielekea kusini mwa Afrika. Wamefuata wadudu. Kuku wako hawawahusu.

Bundi na lawama za usiku

Bundi mwenye uso mweupe wenye umbo la kopa ndiye anayeishi kwenye dari na magofu. Watu humchukia kwa sababu ya imani za uchawi, wakisikia mlio wake wa kukwaruza wanaokota jiwe. Lakini chakula chake kikuu ni panya. Familia moja ya bundi yenye makinda huondoa panya wengi kila usiku, na panya ndiye anayekula mahindi yako stoo.

Fikiri pia hivi: usiku vifaranga wako wamelala bandani. Kama wanapotea usiku, mlango wa banda una tatizo. Mwizi wa usiku mara nyingi ni paka, kanu, nyoka, au panya wenyewe. Ukikuta kifaranga ameng'atwa kichwa na mwili umeachwa palepale, tafuta tundu kwenye banda. Huyo mgeni alikuja kwa miguu minne.

Ndege wadogo ni kengele yako

Sasa tuje kwa wale ambao wengi tunawaita tu "ndege" na kuwapuuza. Wapo wachache ambao ukiwajua, watakuambia mwizi amefika kabla hujamwona.

*Shorewanda.* Huyu ni wa nyumbani kabisa, wa kahawia na kijivu, anaota kiota kwenye matundu ya paa. Dume ana kidevu cheusi.

*Shore.* Mwili wa kahawia, kichwa cheusi chenye kishungi kidogo, na chini ya mkia ana njano iliyokolea. Ni miongoni mwa wa kwanza kuamka alfajiri. Anapenda mapapai yaliyoiva na ana kelele nyingi.

*Chozi.* Mdogo sana, mdomo mwembamba uliopinda. Dume anang'aa kijani, zambarau au mwenye kifua chekundu kutegemea aina yake, jike ni wa rangi iliyofifia. Hunyonya maua ya mgomba na ya bustani. Kiota chake huning'inia kama kifuko kilichosahauliwa kwenye tawi.

*Mnana.* Wa njano, mwenye mdomo mnene, hufuma viota vinavyoning'inia kwenye makuti ya minazi au miti iliyo karibu na maji. Hukaa kwa makundi na kupiga soga mchana kutwa.

*Mlamba*, ambaye wengine humwita mramba. Mweusi tii, mkia wa panda, hukaa kwenye nyaya na kudaka wadudu hewani. Wengine humwona wakadhani ni mtoto wa kunguru au mwewe mdogo. Si hivyo. Mlamba ni shujaa: mwewe, kipanga, hata tai akipita karibu na kiota chake, humfukuza akimdonoa mgongoni hadi aondoke. Mti wenye kiota cha mlamba karibu na banda la kuku ni neema.

Sasa sikiliza sauti zao. Ndege wadogo wote wakinyamaza ghafla na uani pakawa kimya, huenda kuna kipanga anayepita. Wakikusanyika kwenye mti mmoja wakipiga kelele zisizoisha, shore akiwa mbele, basi kuna kitu kimekaa humo: bundi, kipanga au nyoka. Nenda katazame, ila usiinue mkono kabla ya kuangalia.

Kuku naye ana lugha yake. Mlio anaoutoa akiona adui angani ni tofauti na ule wa adui wa ardhini kama paka. Kaa naye siku mbili utazitofautisha. Mlamba tu ndiye wa kumwangalia kwa jicho la pili, maana hujua kuigiza sauti za ndege wengine. Watafiti katika jangwa la Kalahari waliona akitoa sauti za hatari za uongo ili wenzake wakimbie waache chakula, naye akakichukua.

Kabla hujaweka sumu

Hapa ndipo ninapoomba unisikilize vizuri. Msikilizaji mmoja alitusimulia kwamba alipaka sumu kwenye utumbo wa samaki akautupa uani ili amwue mwewe. Mwewe hakufa. Alikufa mbwa wake, wakafa kuku wawili, na mjukuu wake alikutwa ameshika kipande kimoja mkononi. Mungu alisaidia, hakukila.

Sumu haichagui. Hata sumu ya panya ina madhara yake: panya aliyeila anazubaa kabla ya kufa, bundi au mwewe anamdaka kirahisi, naye anadhurika. Mwezi unaofuata panya wameongezeka na wa kuwala hayupo. Tena kumbuka, ndege wa porini ni wanyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwawinda au kuwakamata bila kibali. Ukiwa na tatizo kubwa la ndege waharibifu, mwone afisa wanyamapori au afisa mifugo wa eneo lako.

Kinachosaidia ni hiki:

1. Funika vifaranga wiki za mwanzo. Tenga kubwa, au kibanda cha miti kilichofunikwa kwa wavu chakavu wa samaki, kinawazuia mwewe, kunguru na kipanga kwa pamoja. Mwezi wa kwanza hadi mwezi na nusu ndio wa hatari zaidi.

2. Walishe humo humo ndani. Kumwaga pumba katikati ya uwanja ulio wazi ni kumwita mwizi.

3. Acha vichaka vya kujificha. Mbaazi, mihogo au matembele karibu na banda huwapa vifaranga pa kukimbilia.

4. Fukia utumbo wa samaki na mabaki ya nyama. Mabaki yaliyo wazi ndiyo yanayomleta kunguru na mwewe uani kwako.

5. Ziba kila tundu la banda linalopitisha panya.

6. Hesabu vifaranga asubuhi, mchana na jioni. Ukijua walipotea saa ngapi, umeshapata nusu ya jibu.

Na hakikisha kweli kuna mwizi. Kifaranga uliyemkuta amekufa hana jeraha hakuuawa na ndege. Kuku wakiharisha kijani, wakapinda shingo na kufa wengi kwa siku chache, hiyo ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Dawa yake ni kinga, kwa maana ya chanjo. Ipo chanjo ya tone moja la jicho, TEMEVAC, ambayo jina lake limetokana na Temeke hapa hapa Dar es Salaam, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Ugonjwa huo ukiingia unaweza kufagia banda zima, jambo ambalo mwewe hawezi.

Kule kwangu ikawaje

Nilinunua wavu chakavu kwa wavuvi, nikafunika kibanda. Wale vifaranga waliosalia wakakua, na majogoo wawili kati yao ndio wanaoniamsha sasa niwahi kipindi. Kunguru bado wanakuja, wanaangalia wavu, wanaondoka. Kwenye mwembe nyuma ya nyumba amehamia kipanga mdogo mwingine wa jicho jekundu. Yule kijana wa manati huja kumtazama jioni, na majuzi ndiye aliyenionyesha akishuka kudaka mjusi ukutani.

Wiki hii jipe dakika 15 asubuhi ukae uani kwako. Andika au kumbuka ndege watano uliowaona: ukubwa, mkia, walikuwa wanafanya nini. Ukimwona usiyemjua, tutumie picha au sauti kwenye namba ya ujumbe ya kipindi unayoisikia hewani, utaje na eneo ulipo. Tutamjadili pamoja asubuhi.